Kinundu shingoni, pumzi haitoshi: maswali ya wasomaji

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: mtu ameona uvimbe asioujua, au anahisi pumzi inakata, na hofu imemzidi kabla hajajua anaumwa nini. Tumechagua tano. Majina tumeyaacha.

SWALI: Shikamooni. Nina miaka 34, ni fundi cherehani hapa Tanga. Hii ni wiki ya sita nina vinundu viwili upande wa kushoto wa shingo, kimoja kama harage. Haviumi. Duka la dawa walinipa antibayotiki mara mbili, hazikusaidia kitu. Siku hizi nahisi pumzi hainitoshi, hasa usiku nikijilaza. Tabibu wa kituo cha afya ameniandikia niende hospitali ya mkoa kikafyonzwe kwa sindano. Mama anasema ni mitoki tu, kuna mzee anachanja. Shangazi anasema kikiguswa na chuma, kama ni saratani itaenea. Silali, na mkono wangu kutwa uko shingoni.

JIBU: Marahaba. Dada, nenda ukachomwe hiyo sindano wiki hii. Tunalisema mwanzo ili lisipotee katikati ya maelezo.

Mama hajakosea jina. Mitoki ni tezi za limfu zilizovimba, na tezi hizo ziko mamia mwilini: shingoni, makwapani, kwenye kinena, hata ndani ya kifua na tumbo. Kazi yake ni kukamata vijidudu. Mtu akiwa na kidonda mguuni mtoki wa kinena huvimba. Jino likioza huvimba tezi ya chini ya taya. Mitoki ya namna hiyo huja haraka, huuma, na hunywea wiki mbili tatu baada ya kidonda kupona. Vyako havina kidonda, haviumi, na vimetimiza wiki sita. Kuviita mitoki kunatuambia kilichovimba. Hakutuambii kwa nini kimevimba, na hilo ndilo tabibu wako analolitafuta. Amefanya kazi yake vizuri.

Kwa mtu mzima wa huku kwetu mwenye tezi za shingo zisizouma kwa wiki kadhaa, cha kwanza kutafutwa ni kifua kikuu cha tezi. TB haikai kwenye mapafu peke yake. Cha pili ni VVU, ambavyo vyenyewe huvimbisha tezi na pia huifungulia TB mlango, kwa hiyo utaombwa kipimo hicho na tunakusihi ukikubali. Saratani ya tezi, yaani limfoma, nayo imo kwenye orodha. Hatukufichi. Lakini TB ya tezi inapona kwa dawa za miezi 6, nne za pamoja kwa miezi 2 ya mwanzo na mbili kwa miezi 4 inayofuata, bila malipo katika vituo vya serikali. VVU vina dawa. Na limfoma ni miongoni mwa saratani zinazoitikia matibabu vizuri zikiwahiwa.

Sindano yenyewe ni nyembamba, sawa na ya kutolea damu au chini ya hapo. Daktari anakishika kinundu kwa vidole viwili, anachoma, anafyonza, anatoa, pengine mara mbili au tatu. Dakika chache tu, na unarudi nyumbani kwa miguu yako. Kinachotoka hupakwa kwenye kioo ili kisomwe kwa hadubini, na kingine huingizwa kwenye mashine ya GeneXpert inayotafuta vijidudu vya TB kwa muda wa saa 2 hivi. Uliza kabla hujachomwa: "Sampuli itapimwa na TB pia?" Sindano isipotoa jibu, hatua inayofuata ni kutoa tezi nzima kwa ganzi, ndiyo watu wanaita kuchukua kinyama. Hapo pana kosa linalorudiwa mno: kinyama chote kinatumbukizwa kwenye formalini, dawa ya kukihifadhi kisioze, na formalini inaua vijidudu, kwa hiyo kuotesha vijidudu vya TB maabara hakuwezekani tena. Mwombe daktari kipande kidogo kiwekwe kwenye maji ya chumvi ya hospitali, kando.

Sasa shangazi. Anachokisema kinasemwa kila mtaa, na kina sababu: watu wengi wamefika hospitali uvimbe ukiwa umeshakomaa na kuenea, wakapasuliwa, wakafariki baada ya muda mfupi. Lawama ikaangukia kisu. Kilichowaua ni miezi waliyokaa nyumbani. Sindano nyembamba kwenye tezi ya shingo si kitu cha kukuenezea ugonjwa. Kuiogopa ndiko kunaupa ugonjwa muda.

Kwa mzee wa kuchanja usiende. Tezi yenye TB ikichanjwa hutoboka na kugeuka kidonda kinachovuja usaha kwa miezi, kisha hupona kwa kovu la mikunjo ambalo halitoki. Wembe uliotumika kwa mwingine unaleta VVU na homa ya ini. Na kuna hatari nyingine isiyo na wembe: vidonge vya deksa au prednisolone vinavyouzwa dukani kwa ajili ya "kupunguza uvimbe". Vitapunguza kweli. Kama ni limfoma, tezi itanywea kwa wiki chache na kinyama kitakachochukuliwa kitasomeka vibaya. Kama ni TB, kinga inashushwa na ugonjwa unapata nafasi. Usimeze dawa hizo kabla ya kipimo, na kama ulishameza, mwambie daktari bila aibu. Hata aina fulani za antibayotiki huituliza TB kwa muda na kuificha, basi nenda na maboksi matupu ya zile ulizopewa.

Kuhusu pumzi, usikubali jibu la "ni wasiwasi" kabla hujapigwa picha ya kifua. Tezi zikiwa shingoni, zinaweza kuwepo ndani ya kifua pia, zikabana njia ya hewa. TB inaweza kujaza maji pembeni mwa pafu. Damu ikipungua, mtu anatweta kwa kupanda ngazi chache tu. Kwa mwanamke asiye mjamzito kipimo cha wingi wa damu (himoglobini) chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu. Vipimo hivi, picha ya kifua na damu, vinafanyika siku hiyohiyo ya sindano. Ukikohoa, peleka na makohozi, maana TB iliyo kwenye tezi pekee haiambukizi, ila ya mapafu inaambukiza na ulio nao nyumbani wanahitaji kujua.

Hofu nayo inabana kifua, hatukatai. Njia moja ya kutenganisha ni kuhesabu. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi mara 12 hadi 20 kwa dakika. Usijihesabie, kwa kuwa ukianza kujisikiliza tu mwendo unabadilika. Dada au mumeo akushike mkono kama anayepima mapigo, macho yake yawe kwenye kifua chako, ahesabu dakika nzima kwa saa. Ikiwa ni zaidi ya 30 umekaa, au huwezi kumaliza sentensi bila kukatika, au midomo imekuwa ya bluu, au uso na shingo vinaamka vimevimba na mishipa ya kifua imetuna, au pumzi inapiga mluzi ukiivuta, usingoje tarehe ya kliniki. Ni usiku huohuo.

Na mkono shingoni? Tezi inayominywa mara hamsini kwa siku huuma na kuvimba kwa kuminywa kwenyewe, kisha unadhani imekua. Pima mara moja kwa wiki, Jumapili asubuhi kwa mfano. Tepu ya ufundi unayo: weka vidole viwili pande zote za kinundu, vitoe bila kuvisogeza, pima nafasi iliyo kati yake. Andika sentimita na tarehe. Andika pia homa, kilo, na kama jasho la usiku linalowesha shuka. Kilo 6 kupotea ndani ya miezi 6 kwa mtu wa kilo 60, bila kukusudia, ni habari ambayo daktari anaihitaji kuliko maelezo ya saa nzima. Siku nyingine mkono ukipanda, upe kitambaa.

Jambo la mwisho, la kukuepusha na hofu ya baadaye. Ikithibitika ni TB na ukaanza dawa, vinundu vinaweza kuvimba zaidi wiki za mwanzo au hata kutokea vipya. Mara nyingi ni kinga yako imeamka. Rudi kituoni uonwe, lakini usiache dawa. Mkojo utakuwa wa rangi ya chungwa. Hiyo ni rifampisini, haina neno. Ila rifampisini hiyohiyo inapunguza nguvu ya vidonge na vipandikizi vya uzazi wa mpango, hivyo waambie kama unavitumia.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa chuo, Morogoro, miaka 22. Mara tatu mwaka huu nimekimbizwa hospitali: kifua kinabana, navuta hewa haifiki, vidole na midomo vinakufa ganzi, naona nakufa. Picha ya kifua, kipimo cha umeme wa moyo, damu, vyote safi. Jumamosi nacheza mpira dakika 90 bila shida. Lakini sasa nimeona kiuvimbe laini mkononi na nasoma kwenye simu hadi saa nane usiku. Wananificha nini?

JIBU: Kaka, hawakufichi. Angalia ulichokiandika mwenyewe: unakimbia dakika 90 na pumzi inatosha, unakaa kitandani na simu pumzi inakwisha. Moyo au pafu lenye ugonjwa hufanya kinyume chake, hulalamika likipewa kazi. Ulichonacho kina dalili zote za shambulio la hofu. Ni ugonjwa wenye jina, wenye njia ya kutibiwa, na mateso yake ni ya kweli.

Kinachotokea ni hiki. Ukiogopa unahema haraka, juujuu, kwa kifua cha juu. Unatoa hewa ya kaboni dayoksaidi kuliko mwili unavyoizalisha. Ikipungua kwenye damu, mishipa ya ubongo inasinyaa kidogo, ukapata kizunguzungu. Neva zinachachamaa, ndiyo ganzi ya vidole na midomo. Wakati huohuo unavuta nyingine juu ya kifua ambacho hakijatoa ya kwanza, kama mtu anayejaza maji ndoo iliyokwisha jaa. Ndiyo maana unasema haifiki. Hewa imo tele. Oksijeni yako ikipimwa wakati huo huwa kawaida.

Basi tiba ya dakika ile ni kutoa, si kuvuta. Keti, egemea mbele, viwiko juu ya magoti. Weka kiganja kimoja tumboni. Anza kwa kutoa pumzi yote polepole, midomo imebanwa kama anayepuliza chai ya moto. Kisha vuta kwa pua ukihesabu hadi 4, tumbo lisukume kiganja, mabega yasipande. Toa ukihesabu hadi 6. Endelea dakika 5. Shambulio hufikia kilele ndani ya dakika kama 10 na hushuka lenyewe. Huna haja ya kulishinda, unalingoja lipite.

Wengi wanasema walijaribu wakashindwa, na karibu wote walijaribu siku ya shambulio tu. Mazoezi haya hujifunzwa ukiwa mtulivu, asubuhi na jioni, wiki mbili mfululizo, ili mwili uyajue kabla hofu haijafika. Kosa jingine ni kuanza kwa kuvuta pumzi kubwa, na jingine ni kuhesabu mbio. Ukisikia kizunguzungu, punguza ukubwa wa pumzi, usiongeze. Na mfuko wa karatasi mdomoni, unaoonekana kwenye filamu, uache: siku ambayo tatizo ni pumu au damu iliyoganda kwenye pafu, mfuko utakunyima oksijeni.

Kiuvimbe laini cha mkononi, kinachoteleza chini ya kidole na kisichouma, kwa kawaida ni uvimbe wa mafuta. Daktari akishakishika mara moja na kukubali, kiache. Arudi kukiona kikizidi sentimita 5, kikikua haraka, kikiwa kigumu au kikianza kuuma.

Kipimo cha nne hakitakusaidia. Kila majibu safi yanakupa siku chache za amani, halafu shaka inataka mengine, na kila unavyoipa ndivyo inavyorudi na njaa zaidi. Chagua daktari mmoja, daftari moja, na tarehe: umwone kila baada ya wiki 4, uwe na hofu au huna, badala ya kukimbilia kila zamu mpya ya usiku. Maswali ya ugonjwa yanayokujia yaandike kwenye karatasi, uyafungue saa 11 jioni kwa dakika 20 tu. Utashangaa mangapi yamekufa kabla ya saa hiyo. Simu ilale nje ya chumba. Kahawa nyingi, vinywaji vya kuongeza nguvu na mirungi vinaupiga moyo mbio na kuwasha shambulio. Valiamu ya dukani inatuliza kwa saa chache na kujenga utegemezi, usiianze. Mashambulio yakiendelea, omba rufaa kwa mtaalamu wa afya ya akili. Yapo mazungumzo ya tiba yaliyopangwa kwa ajili ya hofu hii hasa, na zipo dawa za kumeza kila siku zinazohitaji wiki kadhaa kuanza kufanya kazi, kwa hiyo asiyejua huziacha wiki ya pili akidhani hazifai.

Lakini ukizimia ukiwa uwanjani, ukikohoa damu, au mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye shavu la mguu, maelezo yote ya hapo juu hayahusiki. Nenda hospitali.

SWALI: Dada yangu amejifungua wiki tano zilizopita, Mombasa. Hawezi kulala chali, anaamka usiku akitafuta hewa, miguu imevimba. Wanawake wa nyumbani wanasema ni uchovu wa uzazi na mawazo. Tumpeleke zahanati ya karibu atundikiwe dripu apate nguvu?

JIBU: Mpeleke leo, hospitali yenye daktari wa magonjwa ya moyo au inayoweza kumfikisha kwake, na dripu msitundike. Kushindwa kulala chali, kuamka kwa kukosa hewa na miguu kuvimba, kwa mwanamke aliyejifungua miezi ya karibuni, ni moyo uliodhoofika hadi ithibitike vinginevyo. Moyo huo umeshindwa kusukuma maji yaliyopo. Chupa ya dripu inayaongeza na yanaishia mapafuni. Njiani aketi wima. Sentensi ya kwanza mlangoni iwe: "Amejifungua wiki tano zilizopita na hawezi kulala chali," kwani mtoto asipoonekana wahudumu huenda wasiunganishe. Ombeni altrasaundi ya moyo. Damu iliyoganda kwenye mapafu na upungufu wa damu vitaangaliwa pia. Wengi hupata nafuu kubwa wakiwahi dawa.

SWALI: Mke wangu amechukuliwa kinyama cha uvimbe wa ziwa, Mwanza. Wiki ya tatu hakuna majibu. Nikimwambia "usijali" anakasirika.

JIBU: Anakasirika kwa kuwa neno hilo linamwachia hofu peke yake. Sema: "Najua unaogopa. Mimi pia. Kesho naenda kufuatilia." Halafu nenda kweli. Majibu ya kinyama mara nyingi huchukua wiki moja hadi tatu, na yanapochelewa sababu huwa ya kawaida kabisa: fomu imeandikwa jina vingine, malipo hayajaingizwa, au majibu yako tayari maabara na hakuna aliyeyapeleka kliniki. Nenda na namba ya sampuli, tarehe na jina la daktari aliyechukua, uanzie maabara. Kuchelewa hakuna maana kwamba habari ni mbaya. Wakikupa, omba nakala yenu, muiweke nyumbani.

Uvimbe mwingi wa matiti si saratani, ila usimpe hilo kama ahadi. Msindikize siku ya kusomewa, kaa upande wake, uwe na maswali matatu yaliyoandikwa: ni nini, kinahitaji nini, lini. Mtu aliyeshtuka hasikii zaidi ya sentensi ya kwanza. Kuandika ni kazi yako.

SWALI: Nimenunua kile kifaa cha kidole cha kupima oksijeni. Kinaniambia 86, ila najisikia mzima. Nilikuwa nimepaka hina nyeusi kwa harusi ya wifi. Unguja.

JIBU: Hina nyeusi na rangi ya kucha huzuia mwanga wa kifaa. Jaribu kidole kisicho na hina, au kidole cha mguu. Mkono uwe na joto, umekaa kimya, soma baada ya nusu dakika namba ikitulia. 95 na kuendelea ni kawaida. Ikibaki chini ya 90 kwenye kidole kisicho na hina, nenda hospitali hata kama unajisikia mzima.